Doa Jekundu Mtaani kwa Dada

Kazini walimwita Bwana Joto, na jina likamkaa. Kila asubuhi, kabla hata hajavua koti, alifungua picha ambazo setilaiti ilizipiga usiku ikipita juu, picha zisizoonyesha nyumba wala miti ila joto la ardhi tu: buluu penye baridi, nyekundu penye moto. Kazi yake ilikuwa kutafuta joto lisilo la kawaida kando ya ufa mkubwa wa ardhi, maana huenda likawa dalili ya tetemeko la siku chache zijazo. Huenda. Neno hilo mkuu wake alilirudia mpaka likamchosha kila mtu. Picha moja si kitu, alisema. Subirini tatu zisizo na mawingu, mlinganishe na mitambo ya kupima mtikisiko iliyoko ardhini, na mpaka hapo hakuna kumwambia mtu.

Miaka kumi na moja Bwana Joto hakumwambia mtu. Halafu Jumatano moja akaona doa jekundu nyuma tu ya mtaa wa dada yake, yule dada aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Jana yake lilikuwapo pia, dogo zaidi. Picha ya tatu hakuingoja, kwa mkuu hakwenda. Alijifungia chooni akampigia dada simu kwa kunong'ona kama mwizi: achukue watoto, kesho alfajiri aende kwa wakwe zake, na asimwambie mtu.

Dada akatii. Alhamisi akaondoka na watoto watatu na godoro. Jirani yake, mshonaji aliyeitwa Mama Fundi, ambaye nyumba yake na ya dada zilitumia ukuta mmoja, alimsaidia kubeba godoro hadi barabarani, akauliza safari ya wapi. Kusalimia wakwe, dada akajibu. Mama Fundi akawatakia safari njema, akarudi kwenye cherehani yake.

Siku hiyo Bwana Joto alishinda akitazama saa, mlango ukibamizwa anaruka. Hakuna kilichotikisika. Picha ya siku hiyo ilikuwa mawingu matupu; Ijumaa ya tatu ikaja, na lile doa sasa lilikuwa vidoa sita, vimejipanga mstari mmoja safi. Jamani, ardhi tangu lini ikapiga mstari? Yalikuwa matanuri ya matofali. Wafyatuaji walihamia pale kiangazi kilipoanza, wiki hiyo ndiyo wakawasha moto, na ile orodha ya matanuri, ya kuondolea moto wa watu kwenye picha, nani alipaswa kuisahihisha kila mwezi? Yeye mwenyewe. Hakuwa ameigusa tangu masika. Mitambo ya ardhini nayo ilikuwa kimya wiki nzima. Angegeuza shingo tu angeona.

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na hiyo ilikuwa aibu ndogo.

Jumapili alikwenda kumwomba radhi dada, ambaye alikwisha kurudi baada ya kupigiwa simu kwamba hakuna tetemeko. Dada alicheka mpaka machozi, akasema godoro lake sasa limetembea kuliko yeye. Katikati ya kicheko Mama Fundi akapiga hodi, ameshika suruali ya Bwana Joto, ile aliyoiacha kwake ibadilishwe zipu. Watoto walishammwagia kila kitu. Hakupandisha sauti.

"Mdogo wangu, kukosea sikulaumu. Hata mimi nimeshakata kitambaa cha mtu kombo. Lakini siku ile uliamini kweli kwamba nyumba zitaanguka?"

Akainamisha kichwa. "Niliamini."

"Na mimi je?"

Bwana Joto akaanza habari za kanuni, kwamba ofisini hawaruhusiwi kumwambia mtu, kwamba watu wangetaharuki. Dada naye kicheko kilishakwisha, anatazama sakafu, maana ni yeye aliyesingizia kusalimia wakwe. Mtu mwingine angetamani ardhi ipasuke immeze. Yeye hata hilo aliona haya kulitamani.

Mama Fundi alimwekea suruali magotini. Ilikuwa imepigwa pasi, imekunjwa vizuri.

"Kaijaribu," alisema. "Niliishona Alhamisi ileile, nilipokaa kutwa nzima nimeegemea ukuta huu hapa."