Mngoni Aliyesimama Ukumbini

Tumbaku ya Songea ina harufu yake. Si kali kama sigara za dukani wala haichomi pua kama ugoro. Ni nzito, tamu kidogo, ina moshi wa kuni ndani yake, na ikishaingia kwenye nguo haitoki kwa kufua mara moja. Harufu hiyo ndiyo iliyotupokea Nachingwea, katika nyumba ya kupanga ambamo hakuna hata mmoja wetu aliyevuta tumbaku. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya hamsini. Mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulikuwa umeanza kusinyaa, lakini baba alikuwa bado na kazi ya ufundi wa matrekta, na mama alikuwa amemsumbua mwaka mzima atutoe kijijini Nambilanje atulete mjini. Sababu yake ilikuwa mimi. Mjini kulikuwa na shule iliyopokea wasichana, na mama, ambaye hakujua kusoma hata jina lake, aliapa kwamba mwanawe wa kike hatakuwa mtu wa kuweka dole gumba kwenye karatasi za wenzake.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Jua likipanda, madebe yale yalilia ko, ko, ko, ungedhani kuna mtu anatembea juu. Tulikuwa na vyumba viwili, ukumbi wa mbele ulioelekea barabarani, na ua wa kupikia tulioutumia pamoja na Mama Rozalia, jirani yetu Mmakua, mwanamke mnene, mcheshi, aliyekuwa ameishi mtaa ule kabla yetu. Asubuhi nilivaa gauni langu la pekee, nikaenda darasa la kwanza kukaa na wavulana walionicheka miguu. Wacheke tu. Nilikuwa naandika herufi kwenye kibao changu, nazifuta kwa kiwiko, naziandika tena, na sijapata kupenda mahali duniani kama nilivyolipenda darasa lile.

Wa kwanza kumwona alikuwa kaka yangu Salumu. Alasiri moja alirudi kisimani na ndoo, akamkuta mtu amesimama ukumbini, ameupa mlango mgongo, amevaa kaptura ya kaki, anatazama barabarani kama anayesubiri lori. Salumu alimwamkia. Yule mtu hakuitika wala hakugeuka, na Salumu alipotua ndoo na kuinua macho, ukumbi ulikuwa mtupu. Tulimcheka jioni nzima. Lakini usilolijua ni usiku wa giza. Siku chache baadaye, jua likizama, nilitumwa kuleta taa, nikamwona mimi mwenyewe. Uso sikuuona. Niliona visigino vyake, vimepasuka sana, visigino vya mtu aliyetembea mbali. Nilijikojolea palepale, na kwa umri wangu huu sioni aibu kulisema.

Baba alimwita mwalimu wa madrasa akatusomea Yasini na kufukiza ubani vyumba vyote. Kwa muda nyumba ikanukia ubani, kisha tumbaku ikarudi. Ndipo siku moja baba naye akamwona. Mtu mzima, fundi aliyezoea kujilaza chini ya mitambo bila hofu, aliitupa baiskeli barabarani, akazunguka mbio na kuingia kwa mlango wa uani. Alipotulia alitoa neno lake.

"Mama Salumu, funga mizigo. Ijumaa kuna lori la kwenda Ruangwa. Wanangu hawawezi kukaa nyumba moja na mzuka."

"Na shule ya mtoto?"

"Shule ataisomea akhera?"

Nyumba nyingine tuliyoiweza haikuwepo. Baba alikuwa ameshatafuta. Kurudi Nambilanje wakati ule, kwa msichana, maana yake ilikuwa jembe, kisha unyago, kisha mume. Nilikuwa mdogo lakini hilo nililijua vizuri sana. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, nikiwa nimekikumbatia kibao changu.

Mama hakubishana. Alikwenda kwa Mama Rozalia aliyekuwa anatwanga, akachukua mchi wa pili, wakawa wanapokezana kinuni. Nilikuwa karibu, nikasikia yote.

"Dada, nyumba hii alikaa nani kabla yetu?" mama aliuliza.

"Walikaa vijana wa kung'oa visiki huko kwenye karanga. Mmoja alifia humo, homa. Gama, Mngoni wa huko Songea. Alikuwa mvutaji huyo! Wenzake walikuwa wameshahamishwa kazi, tukamzika sisi wa mtaani, na ndugu zake hatukuwajua. Mvua ilikuwa inakuja, basi tulimfukia upesiupesi."

Mama akauzuia mchi hewani. "Mngoni? Na hakuwepo mtani hata mmoja?"

"Mtani atoke wapi, mama?"

"Basi huyo hajazikwa," mama akasema. "Amefukiwa tu."

Kwetu Wamwera, Mngoni ni mtani. Babu zao waliwahi kutujia na mikuki wakabeba mbuzi na watu; vita vilipokwisha, wajukuu wakaugeuza ule uadui kuwa mzaha. Akifa mmoja, mtani ndiye anayeuvuruga msiba. Humwigiza marehemu, humwaga majivu, hulala njiani jeneza lisipite, mpaka waliofiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mama alikua katika hayo, na kwake kumzika mtu bila mtani ilikuwa kumtupa.

Siku moja kabla ya lori, baba alirudi kazini alasiri akamkuta mkewe amesimama ukumbini. Amevaa koti la kazi la baba mwenyewe na kofia yake, amejipaka majivu usoni, amebana kiko cha kuazima mdomoni. Majirani walikuwa wameshajaa barabarani. Mama akanyoosha kidole mahali palepale alipokuwa akisimama yule mtu.

"Wewe Mngoni! Babu zako walikuja kwetu wakabeba mbuzi. Wewe umekuja kubeba nini, ukumbi? Unafika kwa mtani wako hupigi hodi, husalimii, unatupa mgongo tu kama kuku aliyenyeshewa! Nani alikufundisha kufa namna hiyo? Unakufa bila kumwita mtani, ulitaka akulilie nani? Wale panya uliowala?"

Watu wakaangua kicheko. Mama akaanza kung'oa kisiki kisichokuwepo. Akakivuta, kikakataa, akaanguka matako chini, akasimama akakitukana kisiki, akamlaumu mzungu, akajaribu tena. Mama Rozalia alikaa chini kabisa, akijipepea kwa kanga. Nilimtazama baba. Aliuma mdomo, akatazama pembeni, akakohoa, kisha kicheko kikamshinda. Alicheka mpaka akashika nguzo ya ukumbi uleule aliokuwa akiukimbia.

Hapo mama akavua kofia. Akakaa chini, akalia, na hakuwa anaigiza. Alimlilia Gama kwa jina lake, akamlilia na mama yake aliyeko Songea asiyejua mwanawe amelala wapi. Wanawake wakamwitikia. Baadaye tulikula sote ugali wa muhogo na mbaazi zilizoungwa kwa karanga, Waislamu na Wakristo sinia moja. Baba alinawa mikono, akamwambia mama bila kumtazama, "Fungua mizigo. Lori na lipite." Mtu yule hatukumwona tena, na mimi Jumatatu nilikuwa darasani.

Nilisoma, nikawa mwalimu, nikastaafu. Kabla mama hajafariki nilimuuliza jambo lililonikaa moyoni: Gama alikuwa na uso wa namna gani, maana yeye alikuwa akimsemesha uso kwa uso?

"Uso upi? Mimi sikumwona hata siku moja."

"Sasa mama, ulikuwa unamtukana nani?"

Akacheka, meno mawili yaliyobaki yakaonekana. "Yeye alistahili kuliliwa, na wewe ulistahili kusoma. Ningekaa kusubiri mpaka nimwone?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mama yangu aliujua na uchungu wa mwana wa mwenzake. Siku hizi Nachingwea ina nyumba za matofali na mageti, bodaboda hazilali, na kila chumba cha kupanga kina mtu. Juzijuzi mpangaji mmoja wa nyumba ya pili kutoka kwangu alifariki hospitalini. Kabla ya juma kwisha chumba kilikuwa kimepakwa rangi, na kijana mwingine anaingiza godoro. Nilisimama dirishani kwangu, mwalimu mzima niliyefundisha nusu ya mji huu kusoma, nikatambua kwamba marehemu simjui jina wala kabila. Niliona haya. Nikajifunga kanga, nikavuka barabara, nikaanza kuuliza mlango kwa mlango alikuwa mtu wa wapi.