Ndevu za Kuwindia Bata Mzinga

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ambayo kila nikiikumbuka nacheka, kisha naona aibu. Nilikuwa na miaka thelathini kasoro, nimepanga chumba juu ya duka la Mzee Kanti kule Queensbury, London, nikifanya kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini. Kiingereza changu kilitosha kunifikisha wodini na kunirudisha. Lakini kwa jinsi nilivyojisifu kwa ndugu zangu, ungedhani nafundisha chuo.

Binamu yangu Gaudensi, niliyekua naye Sumbawanga, alikuwa amehamia Marekani, jimbo moja la kusini, akichomelea vyuma. Bosi wake akamruhusu, yeye na rafiki zake wawili wa Kikongo, wawinde katika shamba lake lililopakana na msitu. Leseni walishakata. Kilichobaki ni kijitabu cha sheria za jimbo: dubu, bata mzinga na nguruwe wa porini, kila mnyama na masharti yake. Gaudensi akanitumia kwa posta.

"Kaka, wewe uko huko lugha yenyewe ilikozaliwa," akaniambia kwenye simu. "Tutafsirie, tusije tukafungwa."

Ningesema siwezi. Badala yake nikasema, "Hiyo ni kazi ya jioni moja."

Na kweli ikawa jioni moja. Ubaya ulianzia hapo. Penye neno nisilolijua nilikisia, na nilipokisia niliandika kwa herufi kubwa, nisionekane nakisia. Nikashuka dukani, nikapeleka kurasa zote kwa faksi ya Mzee Kanti, nikapanda kulala nikijiona mtu mkubwa. Kijitabu na karatasi zangu nikavisahau pale kwenye mashine.

Wiki saba zikapita. Jumamosi ya kufunguliwa msimu wa kuwinda, mnamo saa sita mchana, nashuka kununua unga na dengu, namkuta Mzee Kanti kaegemea kaunta anafuta machozi. Nikadhani kafiwa.

"Oswadi," akasema, "ni nani huyu uliyemwambia afuge ndevu?"

Mzee Kanti alikuwa Mhindi wa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora hasa. Baba yake aliwauzia wawindaji risasi na taa, na yeye ndiye aliyewajazia fomu za leseni. Mkono mmoja alishika kijitabu, mwingine tafsiri yangu, alivyovikuta asubuhi hiyo akisafisha nyuma ya mashine.

Nikamweleza, tena kwa kujiamini, kwamba sheria ya bata mzinga inasema ni wenye ndevu tu, kwa hiyo wawindaji wote lazima wawe nazo.

"Bata, kijana! Bata ndiye mwenye ndevu! Dume ana kishungi kinaning'inia kifuani, wanakiita ndevu. Wanataka majike yaachwe yatage." Akafunua ukurasa. "Na hapa umeandika kila mtu aende na mfuko mmoja."

"Si ndivyo? Neno lenyewe ni mfuko."

"Ni idadi ya wanyama anaoruhusiwa mtu kuua! Tangu lini serikali ikahesabu mifuko?"

Nikaanza kucheka naye. Kisha akafika kwenye dubu, akaacha kucheka. Kumbe kwa Kiingereza nguruwe jike na dubu jike huweza kuitwa kwa neno lile lile. Sheria ilikataza kumpiga dubu mwenye watoto. Mimi nilikuwa nimeandika, kwa herufi kubwa, kwamba anayekatazwa ni NGURUWE mwenye watoto. Dubu apigwe yeyote, mradi mmoja. Nguruwe wale, ambao jimbo zima linawachukia kwa kufukua mashamba, ndio niliowalinda.

"Saa hizi kwao kunapambazuka," Mzee Kanti akasema. "Piga simu."

Nikampigia Gaudensi. Hapatikani. Nikampigia Mkongo wa kwanza, kisha wa pili. Wote wamezima. Mzee Kanti akafuata mstari kwa kidole, akanisomea maandishi yangu mwenyewe: "NI MARUFUKU KUPIGA SIMU MSITUNI." Kumbe neno nililodhani ni kupiga simu lilikuwa mlio: sheria ilikataza vyombo vya betri vinavyoiga sauti ya ndege ili kumvuta karibu.

Akavua miwani. "Mimi niko hapa chini kila siku, Oswadi. Ngazi hazifiki hata ishirini. Umeona heri watu watatu waingie porini na bunduki kwa kubahatisha kwako, kuliko mimi nijue kwamba neno fulani hulijui?"

Nikampigia Tekla, mke wa Gaudensi, nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema polepole, "kazi yangu mimi ni kusoma mikataba ya bima kwa Kiingereza, kutwa nzima. Mume wangu aliniambia kijitabu hicho kinataka mtu wa London." Akakata simu.

Kwa saa mbili nilikaa juu ya gunia la mchele, nikimwona Gaudensi mara kafungwa pingu, mara kararuliwa na dubu. Mzee Kanti aliuza pilipili na kunde zake.

Simu ikalia. Alikuwa Gaudensi. Alikuwa ameshamlenga dubu mkubwa, vitoto viwili vinapanda mti nyuma yake, kidole kiko kwenye kifyatulio. Tekla akafika ukingoni mwa msitu, na kwa kuwa hakujua wako wapi, akabonyeza honi ya gari asiiachie. Dubu akatimka na wanawe, bata mzinga wakatimka, nguruwe wakatimka, na Mkongo mmoja naye akatimka. Askari wa wanyamapori akaja mbio kuuliza kuna msiba gani. Akakuta watu watatu wenye madevu, kila mmoja na mfuko mtupu, leseni zote halali. Akawasomea sheria upya, Tekla akitafsiri.

"Kaka," Gaudensi akasema, "wiki saba najikuna hizi ndevu. Kazini cheche zimeziunguza mara mbili. Niambie kweli. Ulikuwa unajua ulichoandika?"

Ningeweza kukilaumu kijitabu. Nikamtazama Mzee Kanti, naye akajifanya anapanga makopo.

"Sikujua," nikasema. "Nilikisia."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," akajibu, "ningemuuliza mke wangu."

Karibu mwaka mzima hakunipigia tena.

Nakuambia haya, mwanangu, kwa sababu wewe umezaliwa hapa, na nakuona ukimsomea mama yako barua za hospitali na za halmashauri. Anakuamini kama Gaudensi alivyoniamini. Ukifika penye neno usilolijua, usiliruke, wala usilipambe. Sema, "Mama, hili silijui, ngoja nimuulize muuguzi." Atakungoja. Na unapotafuta wa kumuuliza, usimpite aliye karibu nawe eti kwa kuwa umemzoea.

Mungu akupe sauti ya kusema "sijui" mbele za watu bila kutetemeka, akuzungushie watu wa kuwauliza, na kila atakayeondoka akiliamini neno lako arudi kwake salama.