Prosesa Ndani ya Friji

Mtaani walimwita Mama Mkasi, ingawa mkasi wenyewe hakuwa nao hata wa kukatia uzi. Kazi yake ilikuwa kuhariri filamu za harusi: anakata pale mjomba anapopiga miayo, anaunga pale bibi harusi anapotabasamu, na mwishowe wenyewe wanaangalia na kusema kumbe sherehe yetu ilifana kiasi kile. Kazi hiyo aliifanyia chumba cha nyuma. Chumba cha mbele kilikuwa karakana ya mumewe, fundi wa mafriji, ambaye kila mtu alimwita Barafu. Katikati yao kulikuwa na pazia tu.

Mama Mkasi alikuwa na ugonjwa mmoja: kusubiri kulimshinda. Mstari wa asilimia ukisuasua kwenye kioo, alitikisa mguu mpaka meza ikatetemeka. Ndiyo maana alijifunza kuikoleza kompyuta yake, yaani kuingia kwenye mipangilio na kuiamuru prosesa, ubongo wa mashine, ikimbie kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Na si kwamba hakujua mipaka. Alikuwa ameisoma, akaijaribu, akajiwekea yake kwa prosesa ile: volti zisipite 1.35, joto lisipite nyuzi 85 hata kazi iwe nzito vipi. Waliokuja kumwomba awakolezee kompyuta zao aliwahubiria mipaka hiyo mpaka wakasinzia. Wahubiri nao tunawajua.

Jumapili moja wakwe zake walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na ukoo mzima ulialikwa pale nyumbani mchana kuangalia filamu aliyowatengenezea. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alimpenda mkwewe, akamletea mboga, akamsuka nywele. Ila watu wakimuuliza mke wa mwanawe anafanya nini, alijibu kwa upole, "Yupo tu nyumbani, anaangalia harusi za watu." Upole ule ndio uliouma. Mama Mkasi alitaka siku moja tu mama yule aione kazi yake kuwa ni kazi, na alilitaka jambo hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kwa kulitaka sana, hakuacha kuipiga filamu msasa. Jumapili asubuhi ikamkuta bado hajarenda, yaani hajaviunganisha vipande vyote viwe faili moja la kuchezeka. Alipiga hesabu akaona kwa kasi ya kawaida wageni wangekula, wangekunywa, wangeaga na kuondoka kabla haijakwisha. Akaingia kwenye mipangilio, akapandisha kasi. Mashine ikazimika. Akaongeza volti hadi 1.30, ikazimika tena. Akaongeza hadi 1.35, ikawaka, ikatembea kidogo, ikazimika. Hapo ndipo mhubiri alipofunga kitabu. Akajiambia ni kwa leo tu, akaenda 1.38, kisha 1.42.

Ikasimama imara, ila joto likapanda mpaka nyuzi 98, feni zikavuma hadi pazia likapepea. Prosesa ikaona hii sasa ni kufa, ikaanza kujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Filamu ikawa inakwenda polepole kuliko hata kabla ya kukolezwa.

Barafu akachungulia. "Mbona huku kama jikoni?"

"Joto limenishinda, baba watoto. Nyuzi tisini na nane."

Mumewe akakunja mikono ya shati. Mwanamume akiambiwa joto limemshinda mtu, na yeye maisha yake yote ni baridi, unadhani atarudi kukaa? Akasema, "Sasa hapo umefika kwangu," akabeba kompyuta nzima nzima hadi karakana, akaiingiza kwenye friji la kioo alilokuwa ametoka kulitengeneza, akapitisha nyaya mlangoni na kuzibia mwanya kwa kitambaa. Wakaiwasha tena na kuirudisha kazini, joto likashuka. Tisini, themanini, sabini na moja. Wakagonganisha viganja. Barafu alivimba kichwa, akaanza kueleza jinsi atakavyowauzia wahariri wote wa filamu mafriji ya kuwekea kompyuta.

Ni huyu huyu, naomba tuelewane, ambaye kila siku ya Mungu huwagombeza wateja, "Mama, usiweke sufuria ya moto kwenye friji. Friji linatunza kilichopoa, halina uwezo wa kupambana na jiko." Na kompyuta ile ilikuwa jiko hasa, tena jiko lisilozimwa. Kompresa ikanguruma bila kupumzika. Hewa ya unyevu ikajipenyeza pale penye nyaya, kioo kikapata ukungu, na Mama Mkasi aliyekuwa ameketi karibu akaona tone la maji likining'inia kwenye dari ya friji, juu kabisa ya kasha la kompyuta. Alichomoa waya ukutani kabla hajajua kama ameinuka. Tone likaanguka, likafuatwa na jingine.

Mama mkwe alipofika mapema kusaidia mapishi, aliwakuta wawili hao wamepiga magoti sakafuni, kompyuta imefunguliwa vipande vipande mbele ya feni, mwanawe anafuta kwa kitambaa.

"Kuna nini?"

"Imeloa kidogo, mama," alisema Barafu.

"Na filamu yetu?"

"Filamu iko salama," alisema Mama Mkasi. "Lakini sijui kama itawahi. Nimekosea mimi. Nimepitisha umeme kuliko kiasi."

"Joto lilikuwa linashuka vizuri tu," Barafu alijitetea.

"Baridi inatibu joto, haitibu volti," alisema mkewe. "Hata ungeizika kwenye theluji, volti zile zinaila taratibu kwa ndani. Na zenyewe ndizo zilizoleta hilo joto."

Barafu akashika kipozeo cha prosesa, kile cha mapezi ya bati, akakitazama kwenye mwanga. Vumbi lilikuwa limejishindilia humo kama pamba ya mto. Hilo alilijua: kila friji lililomfia mteja alilikuta na mapezi ya namna hiyo. Akachukua mashine yake ya kupuliza, akatoka nacho uani, akarudi nacho kikimeta.

Walipohakikisha kila kitu kimekauka, Mama Mkasi akairudisha chumba cha nyuma na kuiwasha. Ikawaka. Alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu kwenye friji. Safari hii hakutafuta kasi ya kuringia. Akashusha volti hadi 1.28, akashusha na kasi ibaki juu kidogo tu ya ile ya kiwandani, akaipa mashine kazi nzito ya kuijaribu, akazikodolea macho namba za joto. Sabini na tisa. Themanini na mbili. Likatulia hapo. Mama mkwe alikuwa amevuta kiti nyuma yake, mikono imeshika kapu la mboga.

"Hayo ndiyo unayoyaangalia siku zote?"

"Ndiyo, mama. Haya, na sauti, na rangi."

Ili kupima kama vipande havijaharibika, akachezesha kile cha mwanzo. Picha ilikuwa moja tu, ya zamani, imetulia. Sauti ilitoka kwenye kanda ya kaseti ya siku ile ya harusi, ambayo kwa miaka mingi haikutoa chochote ila mkwaruzo. Alikuwa ameutoa mkwaruzo huo kidogo kidogo, kwa siku nyingi. Msichana fulani akacheka, kicheko kirefu cha mtu asiyejua kama anarekodiwa.

"Nani huyo?" aliuliza mama mkwe.

"Ni wewe, mama."

Mama mkwe aliomba kirudiwe. Kikarudiwa. Akaomba tena, kisha akaliweka kapu chini na kumwambia mwanawe akamenye viazi yeye, kwani mikono anayo.

Kurenda kukaanza. Mstari ulikwenda kwa mwendo wake, joto halikuvuka themanini na tatu, na Mama Mkasi kwa mara ya kwanza hakutikisa mguu. Wageni walipofika filamu ilikuwa bado. Kelele zikajaa sebuleni, baba mkwe akianza utani wake ule ule, mashangazi wakiuliza mbona televisheni haiwashwi. Mama mkwe akainuka, akaenda kusimama penye pazia. Shangazi mmoja alitaka kupita.

"Hebu mwite mkweo aje akae na watu. Anafanya nini huko peke yake?"

"Yuko kazini," alisema mama mkwe. "Asisumbuliwe. Akimaliza atatuita."

Nyuma ya pazia Mama Mkasi alisikia. Alijaribu kusoma namba za joto kwenye kioo, lakini kwa muda mrefu hakuona namba yoyote, akabaki anajifuta macho kwa kiganja huku anacheka peke yake.