Papa Aliyenizuia Kufungua Sangle

Mimi si mtu wa kuona vitu. Uliza yeyote hapa Kingi, atakwambia nina kichwa kigumu, napenda kubishana, na hata mchungaji akihubiri juu ya malaika mimi hukaa najikuna kidevu. Kwa hiyo nisikilize vizuri. Haya sikuyaota wala sikusimuliwa. Yalinipata mchana, nikiwa na akili zangu, na mama yangu ni shahidi.

Tuliporudi kijijini baada ya kukimbia vita, nyumba ya mama ilikuwa imebaki mawe ya msingi tu. Nikamwahidi nyumba ya mbao. Kazi yangu ni kuendesha trekta lenye tela, nabeba maharagwe na mihogo ya watu wa milimani, na nilijua mbao nzuri za libuyu zinapatikana Mpofi, upande wa Walikale, kule msitu unakoanza. Nilitaka niende peke yangu. Mama akakataa. Alisema hawezi kulala ndani ya mbao ambazo hajazinusa. Mama wa namna hiyo utamfanya nini? Nikamtandikia godoro ndani ya tela, tukaenda.

Na Mpofi alinusa kweli. Alipita kwenye kila rundo, hii anaikataa, ile anaikubali, mpaka wapasuaji wakaanza kumwita Mama Pua. Alifurahi kuliko nilivyomwona miaka mingi. Nilikuwa nikimtazama, nasema moyoni, nyumba hii lazima aingie.

Sasa nikueleze ujinga wangu. Mzigo wa mbao tunaufunga kwa sangle, ule mkanda mpana wa nailoni wenye chuma cha meno: unavuta mpini mbele na nyuma, mkanda unakaza. Muuzaji alikuwa amenionyesha sangle za upana wa vidole vinne, zenye kitambaa cha buluu kilichoshonewa pembeni, kimeandikwa uzito ambao mkanda unaweza kushika. Nikaona ni nzito, zitanichosha bure. Nikachukua mbili nyembamba, laini, ambazo kitambaa chake kilikuwa kimekatwa. Nikazipitisha juu ya kingo kali za mbao bila kuweka hata kipande cha tairi. Moja ilijisokota, nikaiacha hivyo hivyo. Kisha tukaomba, kama desturi yetu kabla ya safari, na baada ya amina nikaona mzigo umeshafungwa na Mungu mwenyewe.

Juu ya mbao alikaa mama, pamoja na mama wawili wa kanisa waliokuwa wanakwenda Masisi. Kwetu ndivyo tunavyosafiri: mzigo chini, watu juu, mkono umeshika sangle. Mvua ikaja, wakajifunika turubai.

Kuna mlima mmoja kwenye njia ile ambao abiria hushuka bila kuambiwa, wanaupanda kwa miguu ili gari lipumue. Tulifika hapo kama saa tisa alasiri. Mvua ilikuwa imekatika, lakini ukungu ulishuka mzito, ukigeuka nyuma huoni tela lako. Nikasikia wanawake wakishuka, wanacheka kwa sababu ya matope, halafu sauti zao zikanipita zikaenda mbele. Nikaendelea polepole. Katikati ya mlima tela likaanza kunivuta upande. Nikasimama, nikaweka mawe chini ya magurudumu, nikaenda kutazama.

Mbao zote zilikuwa zimeegemea upande wa bonde. Ile sangle iliyojisokota ilikuwa imelegea, na ya pili imeanza kuchanika pale ilipokaa juu ya kingo. Wewe ungefanya nini? Mimi niliona jambo rahisi: nifungue, nisukume mbao zikae sawa, nifunge upya. Nikashika mpini.

Hapo mkono ukaja juu ya mkono wangu.

Ulikuwa wa moto, kama mkono wa mtu aliyetoka kazini. Nikageuka, nikamwona papa mmoja, ndivyo kwetu tunavyomwita mwanaume mzima, wa makamo, amevaa boti za mvua na sweta iliyochakaa. Matope ya pale hata kuku akipita unamsikia, lakini huyu sikumsikia akija.

"Ngoja kwanza, kaka," akasema.

Nikabishana, bila shaka. Nikamwambia mzigo umelala na kazi yangu naijua. Akanijibu taratibu kwamba kwa sababu umelala, mkanda huo ndio peke yake unaoushika, na nikiufungua zote zitakwenda. Hakuwa akinibana mkono, amini usiamini, lakini mpini ulikataa kusogea.

"Juu iko nani?" akauliza.

"Hakuna muntu. Bote bameshuka."

"Ulibaona na macho?"

Nikamwambia niliwasikia. Akatikisa kichwa. "Ita mama yako."

Nilikuwa na hasira wakati huo, sikujiuliza amejuaje kwamba nina mama safarini. Nikaita kama mtu anayemwonyesha mwenzake upumbavu wake. Kimya. Nikamtazama, nikamwona hajali.

"Ngojea. Muntu mwenye kulala haitike mara moja. Ita tena."

Nikaita tena. Na kutoka chini ya turubai, juu kabisa ya mbao, upande ule ule wa bonde, ikaja sauti ndogo ya usingizi: "Niko hapa, Papa. Magulu ilikuwa inaniuma, njo nikabakia."

Miguu ilimuuma, hakushuka na wenzake. Kwetu mama humwita mwanawe Papa. Nimeitwa hivyo tangu kuzaliwa, lakini siku ile nililisikia kama mara ya kwanza. Nilikaa chini kwenye matope. Ningevuta mpini, mama yangu angeshuka bondeni pamoja na mbao alizochagua mwenyewe, na ningekuwa nimemuua kwa mkono wangu.

Yule papa alikuwa analia. Hakuficha machozi. "Ameitika," akasema, kama vile mimi sikusikia. "Mimi sikuita, kaka. Wangu alikuwa analala, na sikuita."

Tulimshusha mama upande wa juu wa barabara. Alikanyaga bega la yule papa, akamwambia asante mwanangu. Kisha papa akatoa sangle yake, pana, yenye kitambaa cha buluu, na ingawa sisi wote tulikuwa tumelowa, mkanda ule ulikuwa mkavu. Akaweka vipande vya tairi kwenye kingo, akaulaza mkanda bila msokoto, akakaza hadi mbao zikalia. Ndipo akaniruhusu kulegeza zangu, moja baada ya nyingine, na kuzifunga vizuri. Nilipoinama kutoa mawe na kuinuka, hakuwepo. Mama alisema aliingia tu katika ukungu, bila haraka.

Wale mama wa kanisa walitungojea juu ya mlima. Nilipowaeleza, mmoja akashika mdomo. Akasema dereva mmoja wa Walikale alifungua sangle katika mlima ule, binti yake Neema akiwa amelala juu ya mbao. Binti alikufa bondeni; yeye dereva hakupata hata mkwaruzo, ila hakuishi mwaka. Mama yangu akalia njia nzima, na mimi sikumnyamazisha.

Tulipofika Kingi, niliita majina yote kabla ya kugusa mpini. Sangle zilizokuwa juu ya mzigo zilikuwa mbili tu, zile zangu nyembamba. Lakini ubao wa juu ulikuwa umebonyea upana wa vidole vinne, mahali ambapo mkanda wangu haukupita. Fundi alitaka kuupiga randa, mama akamzuia. Sasa ubao huo uko ukutani, karibu na kitanda chake, na usiku huupapasa kabla ya kulala.

Watu wananicheka, kwamba naita majina hata kwenye tela tupu. Waache wacheke. Kila nikipita mlima ule nasimama, nasema, "Neema," halafu nangoja muda ule ambao mtu aliyelala anahitaji ili aitike. Siogopi. Namwitia yule papa jina ambalo siku ile yeye hakuliita.

Na wewe unayefunga mizigo, nunua mkanda mpana wenye kitambaa chake, usiusokote, ukague tena kila baada ya mwendo mfupi. Lakini siku utakapotaka kuufungua, usiniambie umesikia watu wakishuka. Mimi pia nilisikia.