Niliisifu Kadi Iliyonitafuna

Kosa ni langu. Naanza hapo, kwa sababu nikianza na Odeta nitamsema mpaka karatasi iishe, na wewe utaniona mimi ni mwema. Mimi si mwema. Nilisema ndiyo pale nilipotakiwa kusema hapana, na ndiyo hiyo imemgharimu binti wa watu kitu ambacho sina namna ya kumlipa.

Odeta si jina lake. Akisoma atajijua, na acha ajijue.

Mimi na huyo mwanamke tulikaa kambi moja ya wakimbizi Tanzania miaka na miaka. Nyumba zetu za udongo ziligusana ukuta, nikikohoa ananiuliza nimekunywa dawa. Mtoto wangu wa mwisho alizaliwa mikononi mwake, mvua inapiga, mkunga hajafika. Tulipoletwa Australia, mimi nikapata nyumba Toongabbie, yeye Seven Hills. Kituo kimoja tu kwa treni. Tukasema Mungu kweli anatupenda, hata huku ametuwekea ukuta mmoja.

Jumamosi moja alikuja kwangu kama kawaida yake. Amekula, ameshiba, mchuzi uliobaki ameufungia kwenye kopo la kwenda nalo. Halafu akatoa kadi ya benki kwenye pochi na kuiweka juu ya meza, inang'aa kama samaki aliyetoka majini.

"Dada, unga unanunua kwa nini?"

"Kwa pesa. Ulitaka ninunue kwa kuku?"

Akacheka mpaka akajishika tumbo. "Ndiyo maana huendelei. Wenzako wananunua unga, nyama, mafuta ya gari, halafu benki inawarudishia pesa. Kila kitu wanarudisha. Kila kitu! Wewe unamwaga tu." Akavuta pumzi, akashusha sauti. "Nakuambia wewe peke yako, kwa sababu wewe ni damu yangu."

Mjukuu wangu alikuwa pale pale mezani na vitabu vyake. Huyu anasoma uhasibu chuo kikuu, na nitalisema hata kama hujaniuliza: katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika anapokanyaga yeye. Kiswahili anakisikia chote, ila majibu yake ni Kiingereza. Akachukua simu, akatafuta kadi ya Odeta, akatafuta na nyingine, akazilinganisha. Mimi nakutafsiria tu alivyosema.

"Bibi, hiyo ya kwake inarudisha vizuri miezi ya mwanzo, baadaye inapungua. Ina ada ya kila mwaka, na riba yake ni kali. Hii nyingine inarudisha kidogo lakini haina ada. Chukua hii. Na ukichukua yoyote, mwisho wa mwezi lipa yote, usibakize."

Odeta akamtazama kuanzia nywele mpaka viatu. "Watoto wa huku wanaogopa hata kivuli. Huyu ameshapanga foleni ya mgao wa chakula kambini?"

Na mimi nikacheka. Nilimcheka mtoto wangu mwenyewe, niliyemlea, ninayejisifu kwa watu kwa ajili yake. Nikamwambia anyamaze, wakubwa wanaongea. Hakununa. Alirudi kwenye vitabu vyake.

Odeta akachukua simu yangu akanijazia kila kitu. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, kusoma nasoma polepole, Kiingereza cha benki sikiwezi. Kwanza alinitumia kitu kutoka simu yake, akanibonyezea. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Ni mlango wa kuingilia tu, dada."

Benki ikakubali, kwa sababu nina kazi, nasafisha ofisi za kiwanda Seven Hills. Kadi ikaja kwa posta.

Miezi ya kwanza nilitembea kama mwanamke aliyeolewa upya. Kwenye supamaketi naitoa kadi kwa vidole viwili, namtazama keshia machoni. Pesa kidogo zikawa zinarudi kweli. Basi nikavimba kichwa. Kanisani, wakati wa chai, niliwaambia akina mama wote kwamba mimi benki inanilipa kwa kula nyama. Hakuna aliyeniuliza. Nilijitangaza mwenyewe.

Halafu kaka yangu akafariki kule Kigoma.

Mazishi yanataka pesa. Nikaenda kwenye mashine na kadi ile ile, nikatoa pesa taslimu, nikazituma. Moyoni nilijua na hizi watanirudishia sehemu. Si Odeta alisema kila kitu?

Bili ilipokuja, mjukuu wangu aliisoma mara mbili. Alikuwa na uso wa mtu anayetafuta namna ya kukupa habari ya msiba.

"Bibi, ukinunua kitu dukani, hayo ni matumizi, wanakurudishia. Ukitoa pesa kwenye mashine, umekopa. Hapo hawarudishi chochote. Wanakata ada ya kutoa, na riba inaanza siku hiyo hiyo."

"Hata kama ni za mazishi?"

"Mashine haijui mazishi, Bibi."

Nililipa deni hilo kwa muda mrefu, kwa mgongo huu. Kila nikiinama kusugua sakafu ya watu nasema, hii ni ya riba. Nikampigia Odeta. Nikamwambia, mbona hili hukuniambia? Unajua alinijibu nini?

"Sasa dada, mimi nikusomee karatasi zako mpaka lini?"

Huyo ndiye aliyenipokelea mtoto. Anajua shule yangu iliishia wapi, tumeongea habari hizo usiku mzima tukiwa hatuna hata mafuta ya taa. Nikameza. Nikajiambia kachoka tu na kazi. Nilikuwa bado nampenda, ndio ujinga wangu.

Sasa nije kwa Riziki, maana yeye ndiye mwenye kesi.

Riziki naye nimembadilisha jina. Ni mama kijana, ana mtoto mmoja wa kiume, anakaa Liverpool ya huku huku Australia, anafanya kazi ya kulea wazee. Alikuja kanisani kwetu hana mtu. Nilimpikia, nilimshikia mtoto akienda kazini, akaanza kuniita Mama. Si mama wa heshima tu, yaani Mama, kama aliyetoka tumboni mwangu. Mama yake mzazi bado yuko kambini, na macho yake yalikuwa yanafifia. Riziki alikuwa anaweka akiba ya tiketi. Alitaka kumpeleka mtoto, bibi yake amwone sura kabla giza halijafunga. Kila akinishukuru kwa kitu anasema, Mama niombee tiketi.

Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa jikoni pale kanisani naosha vikombe, mjukuu wangu anafuta. Kuna dirisha la kupitishia chai kwenda ukumbini, lilikuwa wazi. Nikasikia sauti ya Odeta upande wa pili.

"Kila kitu wanarudisha, mwanangu. Kila kitu." Akavuta pumzi, akashusha sauti. "Nakuambia wewe peke yako, kwa sababu wewe ni damu yangu."

Neno kwa neno. Hata pumzi aliivuta pale pale alipoivuta mezani kwangu.

Nikachungulia. Alikuwa na Riziki. Akasema, "Lete simu, nikufungulie mlango wa kuingilia."

Nikamgeukia mjukuu wangu, nikamuuliza taratibu, "Huo mlango ni kitu gani?"

"Ni linki yake, Bibi. Mtu akiingia kwa linki hiyo akapata kadi, benki inampa Odeta bonasi."

"Hata mimi nilivyoingia?"

"Hata wewe."

Sijui nikueleze vipi. Nimefukuzwa nchini kwangu, nimelala porini na watoto, nimeibiwa mpaka blanketi. Hakuna lililoniingia kama lile. Watu wabaya wakikufanyia ubaya unasema hao ni wabaya. Huyu alikuwa ukuta wangu. Alikula chakula changu, akafunga na mchuzi, akanibonyezea kidole, akaenda zake nyumbani na bonasi. Damu yake! Kumbe mimi nilikuwa kichwa tu cha kuhesabiwa, kama ng'ombe mnadani.

Nikiwa bado nimeshika kikombe, Riziki akaingiza kichwa dirishani. Anatabasamu.

"Mama, eti na wewe unayo hii kadi? Ni nzuri kweli?"

Nyuma yake akina mama walikuwa wamepanga foleni ya chai, wale wale niliowatangazia benki inanilipa kwa kula nyama. Wote wakanitazama. Na Odeta akanitazama. Hakuogopa. Alitabasamu, maana ananijua mimi ni mtu wa namna gani.

Nikasema, "Ndiyo. Ni nzuri. Mimi mwenyewe ninayo."

Basi. Ndilo kosa langu lote. Ningeweza kusema imenitafuna. Ningeweza kusema angalau, usiitumie kutoa pesa kwenye mashine. Ni maneno machache, yangepita kwenye lile dirisha pamoja na sukari. Lakini ningewaambia wote kwamba nilidanganywa, na kwamba mjukuu wangu msomi alinionya nikamcheka. Nikaulinda uso wangu. Mjukuu wangu akaweka kitambaa chini, akatoka nje.

Nilijiambia nitampigia Riziki jioni. Jioni ikafika, sikupiga. Nikajiambia Jumapili ijayo. Jumapili ikaja, nikamwona anacheka na watu, nikasema mbona ana akili, atasoma mwenyewe. Nilikwenda kanisani na mdomo wangu kila wiki, na kila wiki nikarudi nao nyumbani umefungwa.

Mama yake akazidiwa na macho, akatakiwa kupelekwa hospitali. Riziki akapiga hesabu zake, na ukizisikia utaona ni hesabu za mtu mwenye busara. Alisema akiba ya tiketi asiiguse. Atoe pesa za matibabu kwa kadi, sehemu itarudi, na tiketi itabaki salama. Akatoa. Wakahitaji tena, akatoa tena. Kwenye bili aliona namba ndogo ya kulipa kila mwezi, akadhani ndiyo deni lenyewe, akawa anailipa hiyo. Alipokuja kuelewa, deni lilikuwa limenona. Akiba yote ya tiketi ikaingia humo.

Na matibabu yenyewe hayakusaidia.

Alikuja kwangu mchana, amebadilisha treni kutoka Liverpool, mtoto kamlalia begani. Nikaweka chai. Hakuigusa. Akaniambia juzi alimpigia mama yake simu ya video, na yule mama akawa anasema, "Sogea kwenye mwanga, mwanangu, sikuoni."

"Nilikuwa nimesimama dirishani, Mama. Jua lote lilikuwa usoni kwangu."

Nilijua swali linakuja.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Hata habari ya kutoa pesa kwenye mashine?"

"Ilinitafuna mimi kwanza."

Akamweka mtoto vizuri begani. "Odeta nimeshamuuliza. Hakuficha. Amesema alipata bonasi, kila mtu anafanya hivyo. Na wewe ulipata nini?"

Natamani ningekuwa nimepata chochote, hata kilo ya sukari, ili niwe na kitu cha kumwonyesha.

"Sikupata kitu."

"Kwa hiyo Odeta aliniuza," akasema, na sauti hakuipandisha hata kidogo. "Wewe ulinigawa bure."

Akaondoka. Chai ilipoa pale mezani, na mimi sikuwa na nguvu ya kuimwaga.

Odeta bado ananitumia meseji. "Dada umenisusa, nimekukosea nini?" Kila siku ya kazi nashuka stesheni ya Seven Hills, nyumba yake naijua njia nikiwa nimefumba macho, sijaikanyaga tena. Lakini namchukia nusu tu. Nusu nyingine najichukia mwenyewe, kwa sababu tabasamu lile la dirishani lilinijua vizuri.

Mshahara ukitoka natenga kitu, nampa Riziki kwa ajili ya tiketi. Anapokea, si mjinga. Atasafiri siku moja. Mtoto atapakatwa na bibi yake na kupapaswa uso kwa vidole. Hakuna kadi inayorudisha macho.

Wewe unayesoma, kadi sikukatazi. Mjukuu wangu anayo, ile ndogo isiyo na ada, analipa yote kila mwisho wa mwezi na wanamrudishia vijisenti vyake. Kanunulie unga na nyama, basi, kwenye mashine ya pesa usiipeleke. Na akija mtu wako wa karibu kabisa, wa ukuta mmoja, akakuambia wewe peke yako, mwulize hapo hapo: na wewe unapata nini? Kama ni mwema hatakasirika.

Na kama imeshakutafuna, sema. Sema mbele ya foleni nzima, wakucheke. Watakucheka mpaka chai iishe, wataenda makwao. Mimi sikuchekwa. Ila Riziki haniiti tena Mama. Tukikutana mlangoni pa kanisa anainamisha kichwa kwa adabu zote, kama anavyowasalimia wazee wengine, na kila Jumapili naitikia.

"Shikamoo, Bibi."