Nilivyoruka Mwanzo

Katika miaka ya tisini nilikuwa na kibanda cha video Kawangware: mabati, mabenchi yaliyoachwa na kanisa lililohama, na televisheni iliyozimika ilipojisikia. Filamu za maafa ndizo zilizonijazia mabenchi. Ardhi ipasuke, ghorofa liporomoke, maji yameze mji. Lakini kila filamu ilianza na watu wakipika, wakigombana na watoto, wakitafuta funguo, na wateja wangu hawakuwa na subira hiyo. "Peleka mbele, buda. Tumekuja kuona maji." Nami napeleka mbele.

Mke wangu, aliyelima sukumawiki kando ya bwawa kule Silanga, hakupenda kabisa nikiruka hivyo. "Sasa huyu mama amekufa na hata sijui alikuwa nani. Nitamlilia aje?" Nilimcheka. Nilimwambia filamu si matanga.

Asubuhi moja ya ile mvua iliyokataa kuisha, alijifunga leso aende kuokoa mboga zake. Akasimama mlangoni. "Unajua mimi naogopa maji ya kukimbia. Nikiwa msichana, kule kwetu, mto..."

"Fupisha," nikasema. "Nimechelewa kufungua."

Akafupisha. Alisema tutaonana jioni. Kabla ya saa sita ukingo wa bwawa ulibomoka, maji yakamchukua pamoja na mboga.

Tulimpeleka kwao, karibu na ziwa. Kule, kabla ya maziko, waliomjua marehemu husimama mmoja mmoja wakasimulia maisha yake, na mume husubiriwa zaidi ya wote. Nilisimama. Nilieleza mvua, ukingo, majirani waliotupa kamba. Nilisimulia vizuri, Mungu anisamehe.

Mama mkwe, ambaye kwa desturi hatutazamani usoni, akasema akiangalia chini, "Huo ni mwisho, baba. Anzia mwanzo."

Sikuwa na mwanzo. Miaka minne ya ndoa.

Basi akaanza yeye. Akasimulia jinsi binti yake, akiwa na miaka tisa, alivyovuka mto akiwa amembeba mdogo wake mgongoni, na mto ukamnyang'anya mtoto. Waombolezaji waliitikia kwa vichwa. Wote walikuwa wakiijua hadithi hiyo. Ni mimi tu niliyekuwa nikiisikia kwa mara ya kwanza, na aliyetaka kunisimulia alikuwa amelala ndani ya sanduku mbele yangu.