Mashine ya Restuta

Mwaka 2004 mradi mmoja wa kupima mashamba pale Lindi ulikuwa na kompyuta kumi na mbili na fundi mmoja, Modesti, Mmakonde mwenye kichwa chepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kila mashine ikiharibika aliipakia mfumo upya, akikaa kutwa kuijibu maswali: jina nani, namba ngapi, diski ifutwe au ibaki? Akachoka. Akaandika programu ndogo: ukiipa orodha ya mashine, inatengeneza yenyewe faili la majibu kwa kila moja. Unalitia kwenye flopi, unawasha, unakwenda kunywa chai. Kijana yule kujisifu! Wiki nzima, mpaka mlinzi akawa anamkwepa.

"Yangu usiiguse," Restuta, mchapaji, alimwambia. "Ina ushahidi wa kijiji chote cha Mitole ndani. Ukiigusa nakuzika mzima!"

Sasa, Restuta alikuwa Mmwera, na hao wawili walikuwa watani. Kila siku walizikana kwa maneno. Modesti akacheka, "Nizike na redio yangu." Mashine ya Restuta ikabaki kwenye orodha, na jibu la diski kwa zote lilikuwa moja: futa.

Jumamosi akazipakia zote mfumo upya kwa mpigo. Jumatatu Restuta akawasha yake, ikafunguka tupu.

Miaka miwili ya ushahidi wa wazee, mkorosho huu wa nani, mpaka unapita wapi, yote imekwenda. Makaratasi yalishaliwa na mchwa. Modesti akangoja matusi. Restuta akasema tu, "Sawa, Bwana Modesti." Jamani, aibu! Afadhali angemzaba kofi. Na meneja alipouliza, Modesti akasema ni umeme. Restuta alisikia, akaendelea kuchapa.

Modesti akatumwa Mitole kuandika upya. Kwa Mzee Kibwana, mmoja wa wazee waliotoa ushahidi, akapokewa na binti yake, Mboni, mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba tumemzika mwezi wa Ramadhani. Lakini alishamweleza yote yule dada wenu aliyekuja kuandika, akamtembeza mpaka wote wa shamba na miguu yake mibovu. Sasa jirani anasema mikorosho ile ni yake. Kwani dada hakuandika?"

Ule uongo wa umeme ulikuwa tayari ulimini. Modesti alitamani ardhi impasukie.

"Aliandika, mama. Mimi ndiye niliyefuta. Aliniambia nisiguse, nikagusa."

Mboni akamsogezea mkeka.

"Basi kaa, mwanangu. Andika kwamba maneno ya baba yamefutwa, na hatuna shahidi mwingine."